Tundu la Kidole Gumba

Eluned wa nyumba ya mwisho alinipigia simu,
nyumba ile iliyoegemea mlima wa machimbo,
mlima ambao babu zetu waliuchonga vigae
wakaezekea miji ya watu.
"Gethin, njoo. Wanakinyea kitanda cha mtoto."

Ndiyo kazi yangu. Ubavuni mwa gari langu pameandikwa
PANYA, NYIGU, NJIWA NA WASIOALIKWA.
Neno la mwisho niliongeza mwenyewe. Nililiona lina ucheshi.

Nikapanda ngazi. Chini ya kigae cha tatu
palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba,
kingo zake zimeng'aa kwa mafuta ya manyoya
kama kizingiti cha nyumba isiyokauka wageni.

Nikangoja. Kwetu mwezi Juni jua ni mgeni asiyejua kuaga;
saa nne za usiku bado linatafuta kofia yake.
Kisha popo wakamiminika,
na Mabli, miaka saba, akawahesabu dirishani:
"tisini na nne, tisini na tano..."
Nami nikahesabu moyoni, nisije nikamfungia mtu ndani.
Mimi ni mtu wa huruma, unaona.
Alipotoka wa mwisho nikaingiza mrija, nikabonyeza.
Povu likavimba, likakauka, likawa rangi ya andazi.
Nikalipwa. Nikalala.

Hakuna aliyeniambia,
la, niliambiwa, kwenye mafunzo, siku ya mvua, nikasinzia,
kwamba Juni akina mama huenda kuwinda
na watoto, uchi kama kidole,
huachwa wameshikana kwenye boriti.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia.
"Dari inalia," akasema Eluned.
Hakutaja kitanda.

Ukutani, mama zao walikuwa wamebandikana
juu ya povu langu, tabaka juu ya tabaka,
kama majani yaliyolowa.
Nililikata kwa kisu cha mkate, glavu juu ya glavu,
na tundu lilipopumua waliingia kwa kusukumana,
wakinipita masikioni, hawana habari nami.

Lakini watatu walikuwa wamekwisha kutambaa
kufuata sauti upande usio wao.
Mmoja alikuwa kwenye sinki, amekwisha kuwa baridi.
Mmoja, ndani ya kiatu cha Mabli.
Wa tatu sitasema nilimpata chini ya nini.

Wa kiatuni alikuwa mwepesi kuliko sarafu.
Mama mmoja wa uokoaji akanielekeza kwa simu:
"Ya ng'ombe hapana. Ya mbuzi, vuguvugu, kwa brashi.
Usimshike mikono mitupu. Na usimpe jina."
Mabli alikwishampa. Idwal.

Basi nikakaa jikoni mwa watu mchana kutwa,
pande la mtu, futi sita na ushee,
nikinyonyesha kwa brashi ya kuchorea maua,
tone, kungoja, tone,
na ulimi wake, mdogo kuliko koma, ukipokea.
Watu husema popo si ndege si mnyama.
Siku ile alikuwa mtoto, basi.

Jioni tulimtundika ndani ya soksi ya sufu
kwenye ngazi, mkono mmoja kutoka tunduni.
Tukazima taa. Eluned alijitafuna ukucha.
Mama zao wakatoka, wakatoka,
na mmoja, au tulidhani ni mmoja,
akazunguka soksi mara tatu.

Mabli anaapa alimwona akimchukua.
Mimi nilipepesa macho.
Soksi ilikuwa tupu, ya moto kidogo.

Kitanda kimehamia ukuta wa pili.
Chini ya tundu niliweka ubao, bure,
na kinyesi Eluned humwagia maharage yake,
yamepanda hadi dirishani.
Nilibandua WASIOALIKWA kwa wembe.
Gundi imekataa kutoka;
jua likipiga kwa pembeni,
bado linasomeka.